Kuagiza kofia ya felti ya kipimo chako
Kabla ya kumpa fundi wa Kampala arbuni ya kofia ya felti (kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa bila kufumwa), pima kichwa: utepe wa kupimia wa fundi nguo upite katikati ya paji, sentimita 1 hivi juu ya masikio, hadi kisogoni. Rudia mara tatu, chukua kipimo kikubwa. Mwenye rasta apime akiwa nazo. Mweleze fundi umbo pia, maana kichwa kirefu kutoka paji hadi kisogo hubanwa pajini hata kama namba ni sahihi.

Felti ya sufu ni nafuu, lakini ikilowa na kuanikwa juani hunywea. Ya manyoya ya sungura huhimili mvua zaidi; kwa masika yetu ya Machi hadi Mei, ningelipia hiyo. Utepe wa ngozi wa ndani ushonwe, usigundishwe: jasho hubandua gundi.