Nilivyokadiria muda na presha ya kuchuja siki ya tembo

Siki ya tembo la mnazi hata ikiiva hubaki na ukungu, kwa sababu seli za hamira na bakteria bado zinaelea. Hapa Malindi nilikuwa na lita 40 za kuchuja kwa pampu ya kuvuta hewa, na chujio la mita za mraba 0.19. Muda niliupata kwa faneli ya maabara yenye eneo la sentimita za mraba 95, yaani dogo mara 20 kuliko la chujio.

Koroga mtungi kabla ya kuchota. Seli hutuama, na siki ya juu itakudanganya. Presha ya kuvuta ikiwa kilopaskali 60, mililita 200 zilipita kwa sekunde 50, 400 kwa sekunde 160, 600 kwa sekunde 330. Gawa muda kwa ujazo: 0.25, 0.40, 0.55. Ukichora dhidi ya ujazo, mstari unanyooka:

t/V = 0.00075V + 0.10 (t ni muda kwa sekunde, V ni ujazo kwa mililita)

Namba ya kwanza, yaani mteremko wa mstari, inatokana na ukinzani wa utando wa seli unaozidi kunenepa. Ya pili ni ya kitambaa. Ya pili ikipanda kila unapokitumia tena, kitambaa kimeziba. Kioshe, kisha kitandazie unga wa diatomaiti (unga wa maganda ya mwani wa kale, unaosaidia kuchuja) kabla ya kumimina siki.

Lita 40 kwenye chujio ni sawa na mililita 2,000 kwenye faneli: 3,000 + 200 = sekunde 3,200, kama dakika 53. Lita 20 ni dakika 14 tu.

Wengi hukimbilia pampu kubwa. Nilipima tena kwa kilopaskali 30, mteremko ukawa 0.00092. Presha imepungua nusu, lakini mteremko umeongezeka mara 1.23 tu, si mara 2. Seli ni laini; zikivutwa kwa nguvu hubanana na kujizibia njia. Logi ya 1.23 kugawa kwa logi ya 2 ni 0.3, na hicho ndicho kipeo cha presha: presha ikizidi mara 2, mteremko hugawanywa kwa 2 kwa kipeo cha 0.3, yaani 1.23. Kutoka kilopaskali 60 hadi 90 utaokoa dakika sita hivi, na kuvuta hewa hakuwezi kupita 101 hata pampu iwe ya bei gani. Chujio la pili la ukubwa uleule hushusha muda hadi dakika 14.

Pima kwa joto utakalochujia. Mnato wa maji ni milipaskali-sekunde 0.80 kwa nyuzi 30 na 0.89 kwa nyuzi 25, na siki haiko mbali na hapo. Hesabu ya mchana wa kaskazi ukiitumia asubuhi ya kusi, ongeza sehemu moja ya kumi.