Siku ya mchezo wa ng'ombe, Kengeja, Pemba

Zumari niliisikia kabla gari halijafika. Miaka 12 nimekaa Muscat, na sauti ile ikanikaba koo. Nikamwambia dereva anishushe hapohapo, nitamalizia kwa miguu.

Ilikuwa kaskazi, jua kali, karafuu zimeshaanikwa. Watoto walikuwa wamejazana juu ya miembe, kina mama wamesimama upande mmoja wakiimba na kupiga vigelegele. Mjomba nilimkuta ameshika kamba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekonda." Macho hakuyatoa kwa ng'ombe.

Kule ugenini, kila nilipousimulia mchezo wetu, watu walinijibu: aa, kama Uhispania. Miaka mingi niliitikia tu. Lakini Uhispania, kwa kawaida, alasiri moja hutolewa mafahali sita kwa wachezaji watatu, na kila fahali huuawa kwa upanga pale pale uwanjani. Kwetu hauawi. Wazee husema mchezo tuliachiwa na Wareno, waliotawala pwani hii hadi ngome yao ya Mombasa, Fort Jesus, ilipoanguka mwaka 1698, nami naliamini hilo zaidi tangu nilipoona picha za kisiwa cha Terceira, huko Azores, visiwa vya Ureno: fahali yuko barabarani, wanaume nyuma wameshika kamba. Nilikaa kitandani Muscat nikizirudia picha zile hadi usiku wa manane. Barka nako, mji mwingine wa Oman, nilikwenda Ijumaa kadhaa, kutazama madume wawili wakisukumana kwa vichwa. Ni mchezo mzuri, ila pale mtu hasimami mbele ya pembe.

Hapa anasimama. Kijana mmoja, miguu mitupu, alitandaza kitambaa chake akakitikisa mara mbili. Dume likainamisha kichwa, mate yakining'inia hadi mchangani. Ngoma ikaongeza kasi. Lilipokuja, kijana alipisha hatua moja tu, na pembe ikapita ubavuni mwake karibu kiasi cha kupeperusha shati. Kelele zilizopigwa pale sijazisikia mahali pengine duniani.

Kisha dume likageukia watu, likawaburura wenye kamba. Tukakimbia wote. Nilipotulia nyuma ya mwembe, nilikuwa nimeushika mkono wa shangazi yangu, ambaye tangu msiba wa baba hatukuwa tumesemezana. Naye alikuwa ameushika wangu.

"Umerudi?" akaniuliza, bado anahema.

"Nimerudi, shangazi."

"Basi usiku uje ule."

Nilikwenda. Mjomba naye alikuwapo, amekaa barazani, viganja amevifunua kwenye mwanga wa taa. Kamba ya makumbi ilikuwa imechora mstari mwekundu kutoka kidole cha shahada hadi kwenye kifundo. Shangazi alikuwa akimpaka mafuta ya nazi taratibu, na nyuma ya nyumba dume lilikuwa limefungwa kwenye mnazi, linatafuna majani.