Kuku Aliyemzidi Tembo

Siku ya tatu ya ukuta. Nimerudi nyumbani na buluu kwenye kucha, mgongo unauma, na kuna jambo linaninyima usingizi.

Ukuta wenyewe ni wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, urefu wa mita 9, plasta ya zamani. Siku ya kwanza iliishia kwenye msasa na maji. Ukipaka rangi juu ya vumbi la chokaa, mvua za kwanza tu zinaibandua. Jana tukapiga nyeupe. Leo ndipo watoto 26 wa darasa la tatu waliposhika brashi, kila mmoja na kopo lake la maziwa lenye rangi ya maji. Walitaka ile ya mafuta, ya kung'aa, maana nilishawasimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, akawa anauza picha zake Oysterbay. Lakini rangi ya mafuta haitoki mikononi mpaka kwa mafuta ya taa, na mimi siwezi kumsugua mtoto wa miaka tisa kwa mafuta ya taa.

Tulikubaliana wachore wanyama. Tembo alipatikana, mdogo, pembeni. Katikati ya ukuta, binti mmoja ambaye kwa siku mbili sikuwahi kuisikia sauti yake alichora kuku. Kuku mwekundu, mkia umepanda hadi pale mkono wake ulipofika akiwa amesimama juu ya ndoo, vifaranga saba wakimzunguka. Macho yote mawili yako upande mmoja wa kichwa.

Walipokwenda kunywa uji nilichukua brashi. Nikafuta jicho moja. Nikaupunguza mkia ili tembo apate nafasi. Niliamini namsaidia.

Aliporudi alisimama mbele ya kuku wake, kimya. Hakulia. Akaniuliza, "Mwalimu, sasa vifaranga walio nyuma atawaonaje?"

Nilimwomba radhi palepale, mbele ya wenzake. Miaka mingi nimezisifu picha za mwanzo za Tingatinga, zile ambazo mnyama mmoja amejaa ubao mzima na hakuna anayeuliza vipimo. Kwa mtu mzima niliita ufundi. Kwa mtoto nikaona kosa la kufutwa. Hilo ndilo linaloniuma usiku huu.

Nilimpa brashi nyembamba. Jicho amelirudisha, kubwa kuliko la kwanza. Mkia ameuacha, anasema hapo patakaa jogoo. Mwenye tembo amekubali jogoo asimame juu ya mgongo wa tembo wake, na wameahidiana waanze naye kesho asubuhi, kabla jua halijaupiga ukuta.

Brashi zote nimeziloweka. Nyekundu imebaki nusu kopo, na jogoo atahitaji zaidi ya hapo. Nitapitia dukani kabla ya kengele.