Minyororo Isiyochangamana

Mtungi wa mafuta ya kupikia kwa kawaida ni wa polithini nzito, ilhali kiti cha plastiki huwa cha polipropilini. Mafundi wa Nairobi wakisaga na kuyeyusha vyote pamoja, hupata ubao unaoonekana imara, lakini ukiupinda huvunjika mapema. Ukipasha kipande chake moto polepole huku ukipima joto kinalofyonza, mchoro wa kipimo hutoa vilele viwili: kimoja karibu na nyuzi 130 za Selsiasi, polithini inapoyeyuka, na kingine karibu na 165, zamu ya polipropilini. Huo, kwangu, ni ushahidi mzuri ajabu, kwani unaonyesha kwamba minyororo ya molekuli, yaani molekuli ndefu zinazounda plastiki, ilijitenga, kila aina na kundi lake, hata baada ya kukorogwa ikiwa majimaji.

Plastiki nyingine mbili, polistirini na polifenilini oksidi, hufanya kinyume. Ya kwanza hulegea karibu na nyuzi 100, ya pili karibu na 210, lakini zikichanganywa hulegea mara moja tu, katika joto la kati linalofuata uwiano wake, kwa sababu kila mnyororo umezungukwa na majirani wa aina zote mbili wanaouharakisha au kuuchelewesha.

Ubao wetu, ambao minyororo yake ilijitenga, hupasukia mpakani mwa makundi ya polithini na polipropilini. Ndiyo maana wanaochambua plastiki kabla ya kuyeyushwa wanastahili malipo bora zaidi.