Baruku aliandika mara mbili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Yeremia 36, na baada yake ile sura ya 45 ambayo wengi tunaipita haraka kwa kuwa ina mistari mitano tu.

Mnaijua kazi yangu. Mtu akisikia "mwandishi" huwaza vitabu, lakini kodi ya nyumba yangu hulipwa na risala za harusi, kusahihisha ripoti za watu, na kutafsiri vipeperushi vya dawa za kuku. Sizidharau kazi hizo hata kidogo, zimenisomeshea watoto. Ila zina uchungu wake. Mtu anakupigia saa nne usiku: "Dada, ni karatasi moja tu, wewe si unaandika tu?" Unakesha. Asubuhi anaipokea, anafurahi, anasema hela atatuma jioni. Jioni hiyo huja baada ya wiki tatu, na mara nyingine haiji kabisa.

Zina furaha yake pia. Mwezi wa pili alifariki jirani yetu, mama muuza maandazi. Watoto wake walinijia kuomba nimwandikie marehemu wasifu, mkononi wana karatasi yenye tarehe ya kuzaliwa, shule aliyosoma na idadi ya wajukuu. Nikawauliza: mama alikuwa anaamka saa ngapi? Wakatazamana. Yule mdogo akasema, saa tisa, na alikuwa anakanda unga huku anaimba polepole ili sisi tusiamke. Nikaandika vilevile alivyosema. Siku ya mazishi msomaji alipofika pale sauti ilimkauka, kaka mkubwa akaipokea karatasi akamalizia. Sikulipwa, wala sikutaka kulipwa. Nilirudi nyumbani nimeshiba.

Sasa niseme la mwaka jana. Masika, usiku, bati lilivuja juu ya meza ninayofanyia kazi. Kompyuta ililala kwenye maji mpaka asubuhi. Ndani yake kulikuwa na riwaya niliyoiandika kwa miaka minne, kurasa 212, nyingi nikiziandika alfajiri kabla watoto hawajaamka. Nakala nyingine sikuwa nayo. Fundi mmoja Kariakoo aliifungua mbele yangu, akaisugua kwa mswaki na spiriti, akaijaribu ile diski kwenye mashine nyingine mara tatu. Halafu akaiweka mezani taratibu, kama anayelaza mtoto. "Dada, hii imeshakufa. Pole sana." Nilipanda daladala nikapitiliza kituo changu bila kujua.

Ni katika siku zile nilipokutana na Baruku, mwana wa Neria, mwandishi wa nabii Yeremia. Jina lake nilikuwa nalisoma tangu utotoni bila kumwona mtu mwenyewe. Wakuu wa mfalme walipomuuliza maneno ya gombo, ile karatasi ndefu ya kukunjwa, aliyaandikaje, jibu lake lilikuwa fupi: Yeremia alitamka, mimi nikaandika kwa wino. Basi. Lakini fikirini kilichokuwamo katika gombo lile. Yeremia alikuwa amehubiri miaka 23, tangu mwaka wa 13 wa mfalme Yosia. Miaka yote hiyo ilipita kwenye mkono wa mtu mmoja, neno kwa neno.

Kisha gombo likapelekwa kwa mfalme Yehoyakimu. Ni mwezi wa tisa, baridi, na makaa yanawaka mbele yake. Mtu aitwaye Yehudi, aliyetumwa na mfalme kulileta gombo, anasoma kurasa tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi, anazitupa motoni. Anasomewa nyingine, anakata tena, mpaka gombo lote likaisha. Hapo kwenye kisu ndipo ninapoumia. Kile ni chombo cha kazi, mwandishi anachongea kalamu yake! Wakuu watatu, Elnathani, Delaya na Gemaria, walimsihi asilichome. Hakusikia.

Mungu akamwambia Yeremia atwae gombo jingine. Baruku akakaa tena, akaandika upya yote, na Biblia inasema yakaongezwa maneno mengi kama hayo.

Wakati nasoma hapo kwa mara ya kwanza nilikasirika, nisiwafiche. Kuandika upya ni rahisi kusema. Ndipo nikafika sura ya 45, na huko nikamkuta Baruku mwenyewe analia: "nimechoka kwa kuugua kwangu, wala sioni raha." Mungu amemsikia, akamtumia ujumbe wake peke yake, kwa jina lake. "Je! Unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute." Badala ya hayo akamwahidi nafsi yake iwe nyara, popote atakapokwenda. Nyara ni kile askari anachotoka nacho vitani.

Angalieni na miaka. Neno hili lilimjia Baruku mwaka wa nne wa Yehoyakimu, na moto ukawaka mwaka wa tano. Alikuwa ameshaambiwa asitafute makuu kabla kazi yake haijateketea. Mimi nilikuwa nayatafuta. Nilikuwa nimeshachagua na mtu wa kuandika dibaji, nimeshaona jina langu kwenye jalada. Kilichonitoa machozi kwenye daladala siku ile kilikuwa riwaya, ndiyo, lakini kilikuwa pia lile jalada.

Nilinunua kauntabuku, nikaanza tena sura ya kwanza kwa kalamu. Leo niko sura ya tisa. Kuna mambo yameongezeka ambayo ya kwanza haikuwa nayo. Bibi wa kwenye hadithi sasa anaamka saa tisa. Na kuna sentensi moja kuhusu kanga iliyoanikwa usiku, niliipenda mno, imekataa kurudi. Nimeiachia nafasi ya mistari miwili.

Tuombe. Baba, kazi ya mikono yetu uithibitishe. Wakumbuke wote wanaoanza upya wiki hii, aliyeunguliwa kibanda, aliyefutiwa mkataba, anayeshona tena nguo iliyokataliwa na mteja. Mlipe anayedai jasho lake. Na kesho saa kumi na moja, ukinijalia kuamka, nipe sura ya kumi. Amina.