Mjomba wa ile nusu

Jumapili nilikuwa Temeke kwa fundi cherehani wangu, mzee mmoja namuita mjomba maana mama'angu ni Mzigua wa Handeni na yeye anaongea Kizigua safi kabisa, ila kazaliwa Jilib, Somalia. Watu huwa wanabisha. Mababu zake walichukuliwa utumwa huku kwetu karne ya 19 wakauzwa kule, wakatorokea bonde la mto Juba, lugha hawakuiacha.

Nikamtania, mjomba kwenye siasa za Somalia nyie ukoo gani? Akacheka. "Sisi ni ile nusu."

Nusu yenyewe iko hivi. Rais Siad Barre alipoangushwa 1991 nchi ikasambaratika, mwaka 2000 wakakaa Arta kule Djibouti wakaja na mgao wa 4.5, yani koo nne kubwa (Darod, Hawiye, Dir na Rahanweyn) kila moja fungu zima, wengine woote waliobaki nusu yao hiyo wagawane. Ilikuwa ya muda tu eti. Bunge lililomchagua rais 2022 lilipatikana kwa mgao huohuo, na kura zenyewe wakapigia kwenye hanga la uwanja wa ndege kwa kuogopa mabomu.

Mi siupondi sana huo mgao, watu walikuwa wanauana na bila kujua fungu lake nani angekaa mezani. Lakini mjomba shida yake wala sio bunge, ni shamba. Mtu wa ukoo wenye bunduki kakunyang'anya shamba, unashtaki wapi? Hakimu naye ana ukoo wake, na anataka hela. Ndo maana kuna watu wanakaa Mogadishu kabisa, chini ya serikali, ila kesi ya kiwanja wanaipeleka kwa Al-Shabaab, hawahawa wanaolipua watu sokoni, kisa hukumu inatoka haraka na aliyeshindwa anatii. Majeshi ya Afrika yapo kule tangu 2007, ila mwanajeshi hawezi kukuamulia kesi ya mpaka wa shamba jamani.

2024 bunge likapitisha mtu mmoja kura moja, Puntland, jimbo la kule kaskazini mashariki lenye serikali yake, wakasusa, wakasema serikali ya Mogadishu hawaitambui tena.

Nikamuuliza mjomba, hiyo kura si itawatoa kwenye nusu? Akaweka futi chini. "Kura sawa. Hakimu je?" Halafu akadai kianzio cha suruali.