Nilivyopata zuio la muda kiwanja changu kisikatwe vipande

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa nivunje usiku msingi ambao mtu mwingine alikuwa anachimba kwenye kiwanja changu. Wa pili, niende polisi. Nilienda, askari akanisikiliza vizuri kisha akasema, "Mama, haya ni madai, nenda baraza." Ushauri wa tatu ndio uliniudhi mpaka leo. Mwandishi mmoja wa barua za kesi alinihakikishia kwamba zuio, yaani amri ya kusimamisha ujenzi na uuzaji mpaka kesi iamuliwe, ni karatasi moja tu. Akaandika, akachukua hela yake, nikaipeleka kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Karani akaisoma na kunirudishia: shauri la msingi liko wapi? Zuio la muda linaombwa ndani ya kesi ya umiliki. Kama hujafungua kesi, hakuna kitu cha kukulindia wakati unasubiri hukumu.

Kiwanja kiko Kibaha, Tanzania. Nilinunua mwaka 2014, mkataba una muhuri wa serikali ya mtaa na saini za majirani. Aliyeniuzia akakiuza tena kwa mtu mwingine, na huyo akaanza kuchimba msingi.

Kabla ya wilayani kuna kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, na wilaya haisikilizi shauri bila hati kwamba usuluhishi umeshindikana, labda siku 30 zipite. Kwa mafundi wenye haraka, siku 30 ukuta unafika kwenye lenta! Mwenzangu kwenye shauri, yule mnunuzi wa pili, alipotamka mbele ya wajumbe kwamba hana cha kusuluhisha, niliomba hati hapohapo na sikuondoka mpaka nimeishika.

Wakili niliyempata (laki kadhaa, nililipa kwa awamu) alinieleza mambo matatu yanayotokana na kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969. Kuwe na hoja nzito ya kuamuliwa na dalili kwamba unaweza kushinda. Kuwe na hasara ambayo fidia ya pesa haiwezi kuiponya. Tena usumbufu utakaokupata ukinyimwa zuio uzidi utakaompata mwenzako akizuiwa. Hilo la pili linaangusha wengi. Wanajaza kiapo (maelezo ya maandishi unayoyaapia) kwa mamilioni waliyotumia, kumbe wanamwonyesha mwenyekiti wa baraza kwamba wakishinda watalipwa tu, basi wasubiri.

Mimi nilitafuta hatari yenyewe. Nilikuwa nimesikia kiwanja kinakatwa vipande. Maneno ya kusikia hayana uzito kwenye kiapo, ni bora uape unachokijua mwenyewe. Nikaenda na jirani yangu, tukakuta kibao cha dalali kimeshikizwa kwenye mnazi wangu, na namba ya simu. Nilikipiga picha kikiwa na msingi nyuma yake, kisha nikapiga simu palepale, jirani akisikiliza. Dalali akanichangamkia: "Shangazi, wahi, viwili vimeshachukuliwa!" Nikamwomba anitumie bei kwa ujumbe, akatuma na mchoro wa vipande. Vyote nikaviambatisha, na jirani akala kiapo chake. Kwa ushahidi ule ilionekana wazi kwamba kesi ingekuja kuisha nikiwa na wanunuzi wengi wapya wa kushtaki.

Tuliwasilisha pamoja na hati ya dharura, ya kuomba tusikilizwe haraka. Amri ya kwanza ilitoka kwa kusikilizwa upande wangu tu, ya kusitisha ujenzi na uuzaji mpaka pande zote zisikilizwe, na baada ya kusikilizwa zuio la muda lenyewe likatolewa. Nilifurahi kupita kiasi. Nakala nilimpelekea pia mtendaji wa mtaa na fundi mkuu, kwa sababu mwenzangu alikuwa anamkwepa mpeleka wito. Fundi alisoma, akakusanya vifaa vyake. Dalali aling'oa kibao mwenyewe.

Angalieni tarehe. Chini ya Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, zuio halizidi miezi sita, na ukiongezewa, jumla haivuki mwaka. Halijiongezi lenyewe. Maombi yangu ya kuongeza muda niliyapeleka mapema, yakakubaliwa, na sasa namsukuma wakili shahidi wetu wa mwisho asikilizwe kabla mwaka haujaisha.